Ubani kwa Mume wa Jirani

Mimi ni mdaku. Nalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Tangu nilipostaafu wizarani, kazi yangu kubwa hapa mtaani Hail, Maskati, ni kujua nani kahamia, nani kahama, na sufuria ya nani inanukia nini wakati wa adhuhuri. Wachina walipopanga nyumba iliyopakana na yetu, nilikuwa dirishani kabla lori la vyombo halijazimwa.

Walikuwa mke na mume, wahandisi wote wawili, bila watoto. Mume hakai, wiki tatu kati ya nne yuko jangwani kwenye mitambo. Mke nilimpata kwa njia tunayopatana wanawake wote, yaani sahani. Ramadhani ya kwanza mama yangu alinituma nimpelekee sambusa na vitumbua. Siku ya pili sahani ikarudi na mikate midogo myeupe, laini, iliyopikwa kwa mvuke. Mama akaugeuza mmoja juu chini, akasema, "Huu umesahauliwa kutiwa tanurini." Lakini aliula, na alipomaliza akasema, "Sahani haikurudi tupu. Hawa ni watu." Kwa mama hiyo ndiyo shahada kubwa kuliko zote.

Mama anakaribia themanini. Kiswahili chake ni cha Unguja, alikozaliwa, hata baada ya kuolewa Tabora na kuja kuzeekea Maskati. Kiarabu anacho cha kutosha kubishana na muuza samaki. Kiingereza hana, na hakitaki.

Baridi ilipoanza, jirani alimleta mama yake kutoka Uchina. Asubuhi ya kwanza nilimwona bibi huyo akipita barabarani kinyumenyume. Nasema kweli: kisogo mbele, uso nyuma, mikono ikipiga makofi mgongoni na mbele, na fulana nene ya pamba isiyo na mikono, jua la Mungu likiwaka. Nilimwita mama dirishani. Tukamtazama mpaka akapotea kwenye kona, na dakika ishirini baadaye akarudi vilevile, hajajikwaa hata mara moja.

"Huyu nani anamfukuza?" mama akauliza.

Nilimuuliza binti yake, kwa Kiingereza chetu cha ofisini. Akacheka, akasema ni mazoezi ya magoti, wazee wengi wa kwao hufanya. Kuanzia hapo mama akawa na jina la kumwita jirani yetu mpya, Bi Kinyumenyume, nami sikumkataza. Nao wakaanza kukaa pamoja jioni kwenye baraza yetu, yule na thermosi yake ya maji moto, huyu na kahawa yake. Kila mmoja alizungumza lugha yake na mwenzake akiitikia kwa kichwa. Nikipita nawasikia wanabishana, na sijui walikuwa wanabishana nini.

Mwaka mpya wao ulipokaribia, udaku wangu ulipanda kama homa. Nilikuwa nimeshaona picha: milango ya Wachina hubandikwa karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu. Mtaa wa pili kuna nyumba nyingine ya Wachina, na kweli mlango wao ulishapigwa wekundu juu mpaka chini. Mlango wa jirani zangu ulikuwa mtupu. Nikakaa siku mbili nikijikaza nisiulize. Siku ya tatu nikauliza.

Binti aliweka chini mifuko yake ya sokoni. Akaniambia baba yake alifariki mwezi wa nane. Nyumba iliyofiwa haibandiki nyekundu mwaka wa kwanza, wala waliofiwa hawaendi nyumba za watu kupeana heri, wasiwapelekee msiba. Nikasema pole, na nikaona aibu, maana nilikuwa nikidhani ni ubahili.

Kisha akanieleza jambo lenyewe. Jioni ya kuamkia mwaka mpya, familia hukaa kula pamoja, na waliokufa nao huitwa waje. Kijijini kwao, mama yake angekwenda hekaluni, hekalu lile lile alilokwenda na mumewe miaka yote, angewasha udi na kumwambia chakula kiko wapi. Mwaka wa kwanza ndio wenye uzito, kwa sababu marehemu bado ni mgeni wa njia. Sasa mama yuko Hail, na nyumba ya kijijini imefungwa kwa kufuli.

"Mama halali," akasema. "Anaogopa baba atakwenda kule, atakuta mlango umefungwa, na atadhani tumemtupa."

Mimi ni Muislamu, na najua ninachokiamini kuhusu waliokufa. Lakini picha ile ya mzee anasimama nje ya mlango wake mwenyewe ilinikaa. Nikasema nitawatafutia hekalu. Nani aliniuliza? Hakuna aliyeniuliza.

Nilianzia kwenye sherehe. Mkahawa mmoja wa Kichina kule Khuwair uliwaalika Wachina wote wanaotaka kuja, siku tano kabla ya sikukuu. Binti ilimbidi aende kwa sababu ya wakubwa wake wa kazini, na mama yake akakataa kutoka kwa sababu ya msiba. Nikajipachika mimi. Uwanja wa kuegesha magari ulijaa taa za karatasi. Ngoma kubwa ikapigwa, na akatokea simba mwenye macho ya kupepesa na ndevu za manyoya, ndani yake vijana wawili, akicheza huku anatikisa kiuno. Mpishi alikuwa amening'iniza kichwa cha saladi juu ya mlango. Simba akarukaruka, akakinyakua, akakitafuna, kisha akayatema majani juu yetu. Watu wakashangilia. Mimi nina jani begani nikauliza maana yake, nikaambiwa ni baraka, nisilipanguse. Nikarudi nalo mpaka nyumbani.

Mama alisikiliza habari za simba kwa makini. Alikaa Tabora, simba anawajua. "Simba anakula mchicha," akasema, "na kavaa raba. Haya."

Lakini nililoendea sikulipata. Kila niliyemuuliza hekalu lao liko wapi alicheka kwa adabu. Mwanamke mmoja mwenye duka la vigae aliniambia, "Dada, hekalu letu hapa ndiyo hii supu." Wanaotaka kuomba huomba nyumbani, au hungoja likizo. Niliudhika kana kwamba wamenifanyia kusudi.

Nikarudi nikakaa nikafikiri, na fikra zangu zikanipeleka kwenye kosa. Hekalu ni hekalu, nikajiambia. Wahindi wanalo kule Maskati ya zamani, kongwe, watu wanaingia na kutoka. Udi upo, kengele zipo, wazee wanaheshimiwa. Miungu yao na wao watajuana. Hivi ndivyo anavyofikiri mtu ambaye dini za wenziwe zote amezifunga kitambaa kimoja.

Tukaenda asubuhi, mimi nikiendesha, bibi pembeni yangu amevaa koti jeusi lililopigwa pasi, mama nyuma. Mama alikataa kubaki nyumbani na akakataa kushuka. "Mie nitakaa garini na uradi wangu," akasema. "Nyie nendeni kwa hao Mabaniani, msichelewe."

Mlangoni bibi alivua viatu bila kuambiwa. Harufu ya udi ilipomfikia, uso ukamchangamka, nikajipongeza. Tukaingia. Akatazama sanamu moja, akatazama ya pili, akatazama maua ya rangi ya machungwa na taa za samli. Akanitazama mimi. Mzee mmoja wa Kihindi akamsogezea nafasi mbele na kumpa ua. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akaunganisha viganja, akainama mara tatu taratibu kabisa. Kisha akanishika kiwiko akanitoa nje.

Simu yangu ina ile programu ya kutafsiri. Unaandika Kiswahili inasema Kichina, unasema Kichina inaandika Kiswahili. Nikamsogezea. Akasema maneno machache. Nikasoma: "Ni watu wazuri. Lakini hawamjui mume wangu."

Nilipomfasiria mama garini, akasema, "Kasema kweli. Utampaje mtu salamu azipeleke, na hamjui unayemsalimu?"

Tulipita Sidab tukanunue samaki, maana binti alisema mezani lazima awepo samaki mzima. Bibi alichagua changu mkubwa. Muuzaji akainua kisu kumkata kichwa, kama anavyofanya kwa kila mtu, na bibi akapiga ukelele uliowageuza watu wote pwani. Samaki asipokuwa na kichwa na mkia, mwaka hauna mwanzo wala mwisho. Hilo nililifahamu baadaye. Pale nilidhani kaumwa na kitu. Muuzaji akamfunga samaki mzimamzima, na mama kwenye gari alikuwa anacheka mpaka mtandio unamdondoka.

Ikabaki siku moja, na hekalu hakuna. Binti akasema basi wataweka meza nyumbani, picha ya baba, bakuli lake na vijiti vyake, na mama atamwita kutoka pale. Kinachotakiwa ni udi tu, moshi ndio unaomwonyesha njia. Udi aliotoka nao bibi kwao ulikuwa umevunjikavunjika wote sandukuni. Nikakimbilia dukani nikamletea pakiti ya vijiti vya Kihindi. Akanusa, akapiga chafya mbili. Ulikuwa wa waridi. Binti akafasiri huku anajizuia kucheka: "Mama anasema baba atadhani ameingia saluni." Lakini bibi mwenyewe hakucheka. Alirudisha pakiti mkononi mwangu, akaenda kukaa peke yake jikoni, na nikaona mabega yake yameshuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mchezo wangu wa kutafuta mahekalu, kwake haukuwa mchezo.

Nilimweleza mama. Akainuka, akaenda kwenye kabati lake la nguo, akatoa mkebe.

"Nna ubani wa Salala," akasema. "Mweupe, wa mwaka huu. Mpelekee na chetezo."

"Mama, lakini ni wa kuitia maiti."

"Kumwita maiti wake ni shughuli yake na Mungu wake. Mie nampa moshi. Roho gani isiyoujua ubani?"

Nikapeleka. Binti alikuwa kazini, kwa hiyo nikajifanya fundi. Nikamwonyesha bibi kaa la moto linavyokaa, chembe ya ubani inavyowekwa, moshi unavyopanda. Akafumba macho akauvuta. Akanishika mkono. Nikaona nimweleze vizuri ulikotoka, asije akadhani ni zawadi yangu. Nikaandika kwenye simu: "Huu ubani ni wa mama yangu. Ni kwa ajili ya mume." Nikabonyeza. Simu ikasema Kichina.

Bibi akaitazama simu, akanitazama, na macho yakamjaa machozi. Akasimama, akanishika mikono yote miwili, akainama mbele yangu mara moja, chini kabisa. Nikasema moyoni, mashaallah, shukrani gani hii. Nikatoka pale nimevimba kichwa.

Siku ya kwanza ya mwaka wao hatukuwaona, na tulijua sababu, wafiwa hawatembei. Siku ya pili, baada ya alasiri, mlango ukabishwa. Alikuwa bibi na binti yake. Bibi kavaa lile koti jeusi, hana kitu chochote cha rangi mwilini, na mikononi ameshika bahasha nyeupe. Aliingia bila tabasamu, akavua viatu, akaenda moja kwa moja alipokaa mama, akainama, akamnyooshea bahasha kwa mikono miwili, akasema maneno kwa sauti ya chini.

Binti akanigeukia. Alikuwa anaona haya. "Mama anampa pole mama yako kwa kufiwa na mume," akasema. "Anaomba radhi. Anasema mlikuwa mnamhangaikia yeye, kumbe na nyie mna msiba. Nilimwambia siku hizi za mwaka mpya hatuendi kwenye msiba. Amesema mfiwa anaweza kwenda kwa mfiwa mwenzake."

Nikafungua simu, nikayatafuta maneno niliyoyaandika juzi, nikampa asome Kichina chake. Akasoma, akanifasiria kwa Kiingereza yaliyoandikwa pale: rambirambi za mama yangu, kwa ajili ya mumewe.

Ubani. Neno letu hilo, la moshi na la mkono wa pole tunaoupeleka penye msiba. Simu ilikuwa imechagua la pili, na "wa mama yangu" ikageuka ya kumhurumia mama yangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Wiki nzima najitia kujua ya watu, mwisho nimemfanyia mama matanga.

"Anasema nini?" mama akauliza. Bahasha ilikuwa bado hewani kati yao.

"Anakupa pole."

"Ya nini?"

"Ya kufiwa. Na mume. Lakini mama, ni makosa, hii simu..."

"Makosa yako wapi?" mama akasema. "Mume wangu si kafa?"

Mama akaipokea bahasha kwa mikono miwili, kama alivyopewa. Akamvuta bibi akaketi naye pale pale kwenye busati.

"Mwambie ahsante," akasema. "Na mwambie, huu ndio ubani wa kwanza ninaoupokea."

Nikamtazama, sikuelewa. Baba alifariki nikiwa na miaka mitano. Alikuwa amebaki Tabora kuuza duka, ili atufuate Maskati, na hakutufuata. Hayo nayajua, tunayajua sote, ni habari ya nyumbani ambayo imeshakuwa nyepesi kwa kusemwa kwa sentensi moja. Zaidi ya hapo sikupata kuuliza. Mdaku wa mtaa mzima, na hilo sikuuliza.

Mama akalisema akimtazama bibi, si mimi, nami nikimpa binti Kiingereza, na binti akimpa mama yake Kichina. Barua ilifika baada ya miezi mitano. Aliyeisoma ni jamaa mmoja aliyekuwa anatuhifadhi chumbani kwake. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Eda yake ilikuwa imekwisha kabla hajajua kwamba ni mjane. Wakamwambia hakuna cha kukalia. Matanga yalishafanywa Tabora, khitma ilishasomwa. Kesho yake alikwenda kazini. Alikuwa anafagia skuli.

"Hakuna aliyekosea," mama akasema. "Sheria ndiyo hiyo, na ni haki. Lakini siku ile hakuna aliyekuja. Waje kwa nini, na msiba umekwisha? Nikapika wali, nikampa mtoto."

Binti alipomaliza kufasiri, bibi alichukua mkono wa mama akauweka juu ya goti lake mwenyewe, akaanza kuupigapiga polepole. Baada ya muda alisema kitu, na binti akasita kidogo kabla ya kutuambia. Mumewe alikuja. Jioni ile, moshi ulipojaa chumba, bibi aliona kabisa kwamba amefika, na mume akamuuliza mbona harufu hii siijui. Naye bibi akamjibu, ni ya jirani, kula.

Mama akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia. Sijapata kumwona mama akimlilia baba.

Nami nikasimama pale na simu mkononi, nikihesabu. Miaka karibu hamsini tangu barua ile nimekaa na mwanamke huyu. Nimekwenda matanga ya watu nisiowajua vizuri, nimetoa pole kwa wake wa wakubwa wa wizarani, kwa majirani, kwa mtu aliyefiwa na shangazi wa mumewe. Baba yangu mimi amekufa, na mama yangu sijampa pole hata siku moja.

Nikaiweka simu chini. Nikakaa kwenye busati mbele yake, nikaushika ule mkono wake mwingine.

"Pole, mama," nikasema. "Pole kwa kufiwa."

Nilingoja aniambie nishapoa, kama anavyojibu kila mtu.

"Sijapoa, mwanangu," akasema. "Sijapoa."